Kompyuta Iliyoomba Radhi

Xiluo, 3 Machi
Asubuhi ukungu mzito, daraja halionekani. Jua limetoka kama saa nne.

Mwanangu Ju-yin,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mlimani, na kwamba chakula kinatosha, maana watu wasiokula nyama wana tabia ya kudhani kila mtu ameshiba. Mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika siku za mvua, na la kulia limeanza kuliunga mkono. Paka amenenepa. Mzee Liao wa karakana ya pikipiki anakusalimu. Karakana amemwachia mwanawe, na sasa hana kazi ila kupita mlangoni kwangu akiuliza kama kuna kitu kimeharibika.

Safari hii kipo.

Utakumbuka kabla hujapanda mlima uliniachia flashi yenye ule mfumo mpya wa bure, wenye picha ya ndege mnene mweusi kwa mweupe, ukasema mfumo wa zamani hautengenezwi tena na wezi wataingia. Juzi nikaamua kuhama. Nilifuata maelekezo yako mstari kwa mstari, kila mstari nikiuwekea alama ya vema kwa penseli. Kompyuta ikasema imemaliza, niizime kisha niiwashe. Nikazima. Nikawasha. Mpaka leo skrini ni nyeusi, juu kushoto kuna maneno machache meupe ya kizungu, na chini yake kimstari kinachopepesa kama mtu aliyefungua mdomo aseme jambo akalisahau.

Nilitaka kupiga simu, lakini ulinieleza kwamba simu zenu mlizikabidhi mlangoni na ile ya ofisi ya watawa ni ya misiba tu. Nikajiona nikimwambia mtawa, "Tafadhali mwambie Ju-yin kompyuta imekufa," naye anakwenda kuwasha ubani. Kwa hiyo naandika.

Shida yenyewe ni hii. Ile fomu ya ridhaa ya familia, ambayo bila muhuri wangu Mtawa Mkuu hawezi kukunyoa nywele na kukupokea, ofisi yenu ilinitumia kwa barua pepe, na barua pepe naifungulia kwenye kompyuta. Siwezi kuichapa. Usije ukadhani naichelewesha makusudi.

Kuhusu kunyoa kwenyewe sikuulizi kitu. Unaona? Sijauliza.

Shangazi yako,
Hong Bi-hsia


Mlimani, 19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilipanda na gari la mboga. Gari hilo huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na barua zetu hushuka nalo, kwa hiyo usihesabu siku ukadhani nimekunyamazia.

Mimi ni mzima na ninalala. Hilo nilitaka ulijue kuliko yote. Kule mjini Hsinchu nilikuwa nalala na simu kifuani, mashine ya kampuni ikikohoa tu naitwa. Huku kinachotuamsha ni ubao unaogongwa, na ukigongwa tunaamka wote. Hakuna anayeniangalia kana kwamba ni kosa langu. Nimepewa kazi ya jikoni, kukamua tofu. Mwenzangu wa zamu, Dada Chuan-ru, aliniona napanga vipande vya tofu kwa ukubwa, vyote vikitazama upande mmoja.

"Wewe umetoka kwenye mashine, ee?" akasema. "Hiki ni chakula, mdogo wangu. Hakitakushtaki kwa bosi."

Haya, kompyuta. Kabla ya yote, swali la kitaalamu: umeweka pakiti ya vitafunwa vya mahindi juu yake? Ya kijani, Shangazi, si ya njano wala nyekundu. Na haijapita tarehe? Usicheke. Kule kazini kila kabati la mashine lilikuwa na pakiti yake ya kijani ili litulie, na wahandisi wenye shahada ukutani walikagua tarehe ya pakiti kabla ya kukagua nyaya. Siku moja za kijani ziliisha dukani, mtu akaweka ya njano. Tulilala ofisini.

Sasa fanya hivi. Zima kabisa. Angalia nyuma: flashi bado imechomekwa? Ningeapa kwamba imechomekwa, ila huku haturuhusiwi kuapa. Kompyuta ikiamka huanza kuuliza vitu vilivyochomekwa, "Ni wewe wa kuniwasha?" Ikianza na flashi itakwama hapo hapo. Ichomoe, washa. Ikigoma, zima tena, uwashe huku ukigonga kitufe cha F2 mfululizo, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Utaona ukurasa wa buluu. Usiguse kitu. Nichoree ulichokiona.

Fomu haina haraka. Siku ya kunyoa ni tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, yaani mwishoni mwa Oktoba. Muda upo.

Mpwa wako,
Ju-yin

Siku hizi Mzee Liao anakunywa chai kwako mara moja kwa siku, au keshapandishwa cheo?


Xiluo, 6 Aprili
Manyunyu tangu alfajiri. Nguo hazikauki.

Mwanangu Ju-yin,

Barua imefika. Umesema unalala. Vizuri. Unajua kwenye shajara yangu mimi hufungua kwa tarehe na hali ya hewa na kufunga kwa saa niliyopata usingizi. Ukurasa wa mwisho sikunakilii.

Jana nilikwenda kufagia kaburi la baba yako. Nilikwenda peke yangu, isipokuwa Mzee Liao, ambaye alitokea na panga akisema alikuwa anapita tu. Kupita wapi, juu ya makaburi? Tuling'oa majani, nikaweka machungwa, nikamweleza kaka yangu kwamba binti yake anakamua tofu kwa watawa. Hakujibu kitu, ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai. Nikamuuliza nani atakuja kung'oa haya majani goti langu likikataa kabisa. Sikukuuliza wewe. Nilimuuliza yeye.

Kompyuta sasa. Flashi ilikuwa imechomekwa, kweli, nimeichomoa. Pakiti ilikuwepo, lakini ya njano, niliipenda harufu. Nimenunua ya kijani, tarehe yake ni ya mwakani. Ile ya njano Mzee Liao ameila yote, anasema anaondoa mkosi.

Lakini bado haiwaki. Yale maneno ya kizungu yameondoka, na badala yake imeandika kwa lugha yetu: "Samahani sana, kwa leo haiwezekani." Nimekuchorea hapo chini, pamoja na kimstari. Kinapepesa kwa adabu.

Mzee Liao aliitegea sikio. "Plagi imelowa mafuta hii," akasema.

Nikamwambia, "Hii si pikipiki."

"Kila kitu ni pikipiki, Dada Bi-hsia, ukikitazama kwa makini."

Nieleze hatua inayofuata. Eleza kirefu, sina pa kwenda. Na huyo Dada Chuan-ru ni mtu wa wapi? Ana mdomo. Nimempenda.

Shangazi yako,
Bi-hsia


Mlimani, 1 Mei

Shikamoo Shangazi,

Hapa ni wazima wote. Dada Chuan-ru ni wa Taitung, alikuwa dereva wa lori, na anasema nawe amekupenda.

Nimefanya kazi ya kompyuta miaka kumi na miwili. Nimeona zinazotukana kwa tarakimu, zinazonuna, na moja iliyotoa moshi mbele ya mkurugenzi. Sijawahi kuona inayosema samahani. Nilimsimulia Dada Chuan-ru, akatua ndoo chini. "Basi hiyo imetutangulia kwenye njia," akasema. "Mwambie shangazi yako ailete, Mtawa Mkuu aipe joho."

Lakini huenda ni mfumo mpya una adabu mpya. Siwezi kusema nayajua yote. Kwa hiyo tuendelee.

Ndani ya kompyuta kuna mlinzi wa mlangoni. Unamkumbuka yule wa jengo nililopanga Hsinchu, aliyekuzuia usipande kwangu ingawa ulikuwa umebeba sufuria ya supu na picha yangu ya utotoni? Ni yeye mtupu. Kiwandani walimwonyesha sura ya mfumo wa zamani tu. Mfumo mpya ukija anaufungia nje. Kwenye ule ukurasa wa buluu, tafuta mahali palipoandikwa habari za ulinzi wakati wa kuwaka, umpe mlinzi likizo. Kisha nenda kwenye foleni ya vifaa vya kuwashia. Diski yako isogeze mbele ya wote, kama unavyofanya wewe kwa muuza maandazi asubuhi. Hifadhi, toka, washa.

Nimekuchorea kila kitufe, ukurasa wa pili mpaka wa nne. Nilichorea jikoni, maziwa ya soya yakaungua sufuria nzima, tukanywa chai ya moshi. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka nikichora. Miaka yote ile kazini sikucheka hata mara moja nikiwa naitengeneza mashine.

Ya kaburini nimeyasoma mara mbili. Kwa leo nayaruka.

Mpwa wako,
Ju-yin


Xiluo, 15 Juni
Joto tangu kucha. Paka amelala sakafuni kama kitambaa cha kupigia deki.

Mwanangu Ju-yin,

Pamoja na barua hii utapata katoni. Ni wali wa kunata wa sikukuu, nimeufunga kwa majani ya mianzi kama kila mwaka, ila safari hii hauna nyama wala mayai wala vitunguu. Ndani nimeweka uyoga, karanga na mchuzi wa soya wa kile kiwanda nilichokuwa karani. Walinipa pipa dogo, bado wananikumbuka ingawa karani wao mpya hajui hata kupanga faili. Kifurushi kimoja kikiwa na harufu ya nguruwe, si dhambi yangu. Vya Mzee Liao vilichemkia sufuria ya jirani. Mpe Dada Chuan-ru vingi.

Mzee Liao alipoonja vyenu vya mboga alitafuna kwa muda mrefu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Vinaniambia nitubu," akasema.

Michoro yako ni mizuri, nimeibandika ukutani. Mlinzi nimempa likizo. Diski iko mbele ya foleni. Nikawasha. Kompyuta imeandika: "Tunakushukuru kwa uvumilivu wako." Naona tunakaribia. Mimi nadhani bado hatua mbili tatu, au hata nne. Usijibane, eleza tu taratibu kama ulivyoeleza hii.

Fomu bado imefungiwa humo, maskini.

Shangazi yako,
Bi-hsia


Mlimani, 29 Juni

Shikamoo Shangazi,

Wali umeliwa wote, hata majani yalinuswa. Mtawa Mkuu alikula viwili, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Asante.

Sasa, katoni. Anwani iliyobandikwa juu yake imechapwa. Nikasema, labda amechapisha kule kiwandani. Kisha nikaitazama vizuri. Unajua herufi zilizokuwa zikitoka kwenye mfumo wako wa zamani? Nyembamba, kila mguu wa herufi una kisigino mwishoni. Lebo za mitungi yako, ratiba ya takataka ya mtaa, lile tangazo la paka kupotea, vyote vilikuwa na visigino. Na kiwandani bado wanatumia mfumo ule ule, bili yao uliyofungia vijiko ndani ya katoni ninayo hapa: visigino. Herufi za kwenye katoni hazina visigino. Ni nene na zimekwenda peku. Herufi hizo huja na mfumo niliokuwekea kwenye flashi, na Xiluo nzima sijui mtu mwingine anayeutumia.

Yaani kompyuta iliyokufa imechapa jina langu, jina la mlima, na chini yake: "Chakula. Kisilaliwe."

Nimemwonyesha Dada Chuan-ru. Amecheka mpaka akashika nguzo.

Shangazi, iliwaka lini?

Ju-yin


Xiluo, 8 Julai
Mawingu, upepo wa kimbunga unanyemelea. Nimeingiza vyungu vya maua ndani.

Mwanangu Ju-yin,

Iliwaka siku ile ile niliyochomoa flashi. Barua yako ya kwanza ndiyo iliyoiponya. Yule ndege mnene akatokea, akanitazama, nami nikamtazama. Nikafikiri: nikimwandikia kwamba imepona, asante, atajibu, "Vizuri, Shangazi," na gari lijalo halitakuwa na kitu. Basi nikaifanya iombe radhi. Nilifikiri naigiza vizuri. Niliitunga sentensi ile kwa saa nzima, na Mzee Liao akasema iwe na adabu ili iaminike. Usimsikilize tena mtu yule.

Lakini usikae ukajipangusa vumbi. Nami nina maswali, na haya nayauliza waziwazi.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna duka lisilofungwa, na mkabala nalo kuna lingine, na kila moja lina mashine ya kuchapa inayotumika hata na watoto. Wewe umekulia hapa. Tangu Machi ulijua kwamba fomu hiyo ingeweza kuchapwa kwa dakika mbili, kompyuta ikiwa hai au imezikwa. Mbona hukusema?

Pili. Umenitumia bahasha nene. Umenichorea vitufe kurasa tatu, na mlinzi mwenye kofia. Fomu ni karatasi moja, na ofisi yenu bila shaka ina rundo lake. Kwenye bahasha hizo zote hukuitia. Mtu anayetaka kunyolewa anachora mlinzi mwenye kofia?

Kimbunga kikipita nitakwenda posta. Ndani ya bahasha hii utaikuta fomu. Nimeichapa hapa nyumbani, kwa herufi zake peku, na muhuri wangu mwekundu nimeupiga jana. Haujapinda, nilijaribu kwanza kwenye gazeti. Nafasi ya tarehe nimeiacha wazi. Ijaze, au uifanye karatasi ya kufutia mafuta ya sufuria. Vyovyote utakavyofanya, muhuri ni wa kweli, na aliyeupiga hakushikwa mkono.

Sikuulizi zaidi. Safari hii sikuulizi kweli.

Bi-hsia


Mlimani, 13 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Magari mawili yameshuka bila barua yangu. Najua uliyasubiri. Nilianza kuandika mara nyingi, na kila mara ikawa maelekezo ya kompyuta.

Jibu la maswali yako ni hili. Niliogopa kwamba nikikutumia fomu ungepiga muhuri siku ile ile. Umenilea tangu nina miaka sita. Siku niliyokuambia napanda mlima, ulikuwa unamenya viazi vitamu. Ukasema, "Chukua soksi nzito." Basi, ukaendelea kumenya. Nilipanda basi nikijiambia kwamba shangazi yangu hana neno, nilikuwa mzigo na sasa ameutua. Uliponiandikia kwamba kompyuta inaomba radhi, nilijua hapo hapo kwamba unadanganya, Shangazi. Nilihitaji herufi za katoni ili nikuambie, lakini nilijua. Nikakaa juu ya gunia la soya nikafurahi jioni nzima. Kumbe kuna mtu anayetunga uongo wa kijinga namna ile ili nisiende.

Ndiyo maana sasa naweza kukaa huku. Sijui kama nimelieleza vizuri. Sikutaka kuwa mtu aliyeachiliwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemshika.

Nimeijaza tarehe.

Kuhusu majani ya kaburini, ambayo niliyaruka: nilimuuliza Mtawa Mkuu kama nitaruhusiwa kushuka. Akanitazama juu ya miwani. "Tunanyoa nywele," akasema. "Mikono tunakuachia." Kila Aprili nitakuja kung'oa. Mzee Liao aje na panga lake kama atakuwa anapita.

Na jambo moja nililokuficha. Tangu yale maziwa yaungue nimeondolewa jikoni. Wamenipeleka ofisini. Nimekimbia kompyuta Hsinchu nimekuta tatu zinanisubiri mlimani, zote nzee, zote na pakiti za kijani zilizopita tarehe miaka minne. Haishangazi zilikuwa hazielewani. Lakini huku nikiitengeneza moja mpaka jioni, mtu ananiletea chai, anauliza, "Imekubali?" Nikisema bado, anasema, "Haya," anaondoka. Shangazi, sikujua kazi hii inaweza kufanywa hivyo.

Njoo tarehe hiyo. Lete pakiti mpya.

Ju-yin


Xiluo, 2 Novemba
Anga safi, upepo wa kaskazini. Leo nimetoa blanketi.

Mwanangu,

Jina lako jipya bado sijalizoea, kwa hiyo kwa barua hii vumilia la zamani. Nimefika salama. Goti lilizipanda ngazi zenu zote bila neno, likaanza kunisomea mashtaka kwenye basi la kurudi. Paka alikuwa kwa jirani na hataki kurudi kwangu mpaka nimwombe.

Kichwa chako kina bonde dogo kwa nyuma. Ni pale ulipoanguka kwenye ngazi za ghala la mchuzi ukiwa darasa la kwanza. Tulikupaka dawa, nywele zikaota, nikasahau. Kila mtu ukumbini alikuwa anaimba, mimi nikawa nalitazama lile bonde na kusema moyoni, lipo bado, ni yeye. Mzee Liao anadai macho yake yalikuwa yanawashwa na ubani. Ubani ulikuwa upande wa pili wa ukumbi.

Dada Chuan-ru ni mrefu kuliko nilivyodhani. Alinipokea begi mlangoni, akalipima kwa mkono. "Shangazi, hili begi ni jepesi kuliko lilivyovimba."

"Ni pakiti za kijani," nikasema. "Tarehe zote nimezikagua."

"Kumbe mnafanana ukoo mzima," akasema.

Niliwaona pia wale watawa watatu waliopanga foleni nje ya ofisi, kila mmoja na kompyuta yake kifuani kama mtoto mgonjwa, wanakusubiri umalize kunyolewa. Nimefurahi kuliona hilo.

Sasa jambo lililonifanya niandike upesi hivi. Juzi nilipoiwasha kompyuta, ndege mnene aliniuliza kama nataka mfumo mpya zaidi, umetoka. Nilikuwa na furaha, nikasema ndiyo. Ikafanya kazi mchana kutwa, ikaniambia nizime niwashe. Nikazima. Nikawasha.

Imekufa.

Najua unavyocheka. Najua na Dada Chuan-ru ameshashika nguzo. Lakini safari hii ni kweli, na ninao ushahidi wa aina tatu. Flashi haikuchomekwa, nilitazama nyuma kwa tochi. Pakiti ni ya kijani na ni mpya. Na skrini haikuomba radhi hata kidogo: imeandika mistari mirefu ya kizungu, ya kifidhuli, halafu ikanyamaza. Nimeinakili yote nyuma ya karatasi hii, herufi kwa herufi, pamoja na nukta. Mtu hawezi kutunga kitu kibaya namna ile.

Mzee Liao amekuja kuitegea sikio. "Plagi," akasema. Nimemwambia ale pakiti ya njano akae kimya.

Kama bado huamini, tazama bahasha. Nimeiandika kwa mkono, jina lako jipya na yote. Nilikosea mara moja nikaanza upya. Kagua visigino utakavyo.

Nieleze taratibu, na uchore. Sina haraka, na wewe najua una foleni. Gari la mwezi mpevu litanifaa.

Shangazi yako,
Bi-hsia

Naongeza hili asubuhi, kabla ya kwenda posta. Ule ukurasa wa mwisho wa shajara ambao sikukunakilia mwezi wa nne, ulikuwa na saa za ovyo, na za baada yake zilikuwa hivyo hivyo, tangu siku ya soksi. Wa jana nakunakilia. Niliacha mashine imezimwa, nikafunga dirisha, paka akarudi mwenyewe akalala miguuni. Nilipata usingizi saa tatu na dakika ishirini usiku.